Kijana Wetu Yuko Babati, Hajapata Kazi: Atoe Pesa Ashikiwe Nafasi?

 

Tumeletewa swali na mzazi kutoka Pemba, na kwa kuwa maswali ya namna hii yamekithiri tumeona tulijibu hapa kwa urefu ili na wengine wafaidike. Kwa muhtasari anasema hivi: mwanawe alimaliza shahada ya uhasibu miaka miwili iliyopita. Alipokosa kazi Unguja alikwenda kukaa kwa mjomba wake Babati mjini, mkoa wa Manyara, ambaye ana duka la nguo karibu na stendi. Ameomba kazi zaidi ya mara thelathini, na mara nyingi hata kwenye usaili hakuitwa. Sasa kuna mtu amempigia simu akimtaka atoe laki sita "ashikiwe nafasi" katika taasisi ya umma. Wakati huo huo ameambiwa kuwa kiwanda cha pombe kali kilichopo Babati kinatafuta karani wa stoo na mshahara ni mzuri. Baba anauliza: atume hizo laki sita? Kijana akubali kazi ya kiwandani mpaka apate nyengine? Au amrejeshe Pemba akachume karafuu?

Ndugu muulizaji, hukumu ya pesa na ya kiwanda tutaifikia. Kwanza tuitazame kazi yenyewe inavyotafutwa, kwa sababu naona kijana anahukumiwa nyumbani kuwa hana bahati au hajitumi, na huenda tatizo liko pahala pengine kabisa.

Ushindani ni mkubwa kuliko tulivyouzoea sisi wazee. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yaliyoingia yalikuwa 135,027, yaani watu zaidi ya 80 kwa kiti kimoja. Usaili wa kuandika ukafanyika mwishoni mwa Machi, na vijana wetu wengi waliingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamefunga. Mwaka huo huo walimu waliotarajiwa kusailiwa walikuwa 201,707 kwa nafasi 14,648. Sisi tuliosoma zamani tuliambiwa tukimaliza chuo tutapangiwa kituo. Zama hizo zimepita, na baba asimpime mwanawe kwa kipimo chake.

Katika wingi huo, mchujo wa mwanzo hauangalii akili ya mtu. Unaangalia karatasi. Na katika karatasi, jambo linalowaangusha watoto wa visiwani kuliko jengine lolote ni majina.

Tuchukue mfano wa kubuni. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khamis Juma Kombo. Mwalimu wa skuli aliandika Hamisi Juma Kombo, na hivyo ndivyo cheti cha kidato cha nne kilivyotoka. Chuo kikuu wakaandika Khamis J. Kombo. Kwenye kitambulisho cha taifa, NIDA, akaongeza jina la babu wa pili: Khamis Juma Kombo Ali. Kwetu sote huyo ni mtu mmoja na mama yake anajulikana. Kwa mfumo wa kompyuta, na kwa afisa aliyekaa Dodoma na mafaili elfu mbele yake, hao ni watu wanne. Ongeza hapo Muhammad, Mohamed na Mohammed, ongeza Salum na Salim, na akina Mwanakhamis wanaoandikwa kwa namna tatu. Mfumo wa Ajira Portal unamtambua mwombaji kwa namba yake ya NIDA, kwa hiyo vyeti vikienda kinyume na NIDA mambo huanza kukwama hapo.

Dawa ipo na inajulikana. Sekretarieti ya Ajira inapowaita watu kwenye usaili huwaeleza wenye majina yanayotofautiana walete hati ya kisheria ya kuthibitisha jina, ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa. Gharama yake si ndogo kwa asiye na kazi, lakini haikaribii laki sita za yule mpiga simu. Ifanywe mapema, kabla ya tangazo la kazi kutoka, si usiku wa kuamkia usaili.

Wengine huogopa wakidhani kuapa juu ya jina ni kusema uongo. Sivyo. Anayeapa kwamba Hamisi na Khamis ni yeye mmoja anasema kweli. Lililokatazwa ni mtu kujinasibisha na asiyekuwa baba yake. Na hili tunalo: mtoto analelewa na ami yake mjini, anaandikishwa skuli kwa jina la ami kama kwamba ndiye baba, na linabaki hivyo hadi chuo kikuu. Hapo kuna makosa mawili, la nasaba na la nyaraka, na yote mawili yanarekebishwa kwa hati hiyo hiyo. Wazazi wenye watoto wa darasa la kwanza, chukueni cheti cha kuzaliwa mkononi siku ya kuandikisha na mhakikishe herufi moja moja. Msiseme tu kwa mdomo.

Jambo la pili ni kusoma tangazo mpaka mwisho. Baba anasema kijana ameomba mara thelathini. Je, ameomba nafasi zipi? Katika utumishi wa umma Bara, cheo cha Mhasibu daraja la pili kwa kawaida humtaka mtu awe na shahada pamoja na cheti cha juu cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), yaani CPA. Cheo cha Afisa Hesabu huwapokea wenye shahada peke yake. Majina yanakaribiana na mwenye haraka hayatofautishi. Kama nusu ya maombi yake yalikuwa ya Mhasibu na hana CPA, basi mara kumi na tano hakushindana na mtu yeyote, alijiondoa mwenyewe tangu alipobonyeza kutuma. Akae na orodha yake aihesabu. Na mitihani ya NBAA aianze, hata kwa somo moja moja, kwani miaka miwili ya kungoja ingetosha kufika mbali.

Mengine ya kwenye tangazo nayataja kwa haraka. Barua ya maombi hutakiwa iwe imetiwa saini, na wapo wanaopakia barua isiyo na saini. Hati ya matokeo ya muda kwa kawaida haipokelewi, linatakiwa cheti chenyewe. Umri kwa kawaida usizidi miaka 45. Wadhamini watatu unaowaandika wawe wanaujua wasifu wako na simu zao ziwe zinapatikana. Usimwandike sheikh wako wa utotoni kwa heshima tu ilhali hana habari kuwa ulisomea nini. (Mimi mwenyewe huandikwa bila kuulizwa.)

Waliosoma nje wana mtihani wao. Tuna vijana wengi waliosoma Sudan, Madina na kwengineko. Shahada ya nje lazima itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na cheti cha sekondari cha nje kithibitishwe na Baraza la Mitihani, NECTA. Hilo lifanywe mara tu mtu anaporudi. Waliokuwa Khartoum vita vilipozuka Aprili 2023 na wakarejeshwa nyumbani, baadhi yao masomo yalikatika njiani. Hao tusiwaulize kila siku "cheti kiko wapi". Wasaidieni kukusanya kila karatasi waliyonayo ya masomo waliyofaulu na waipeleke TCU wapewe mwongozo wa namna ya kuendelea.

Kisha lipo hili dogo ambalo kwa kijana wa Babati ni kubwa. Akaunti ya Ajira Portal ina sehemu ya mkoa mtu anaoishi. Siku hizi usaili wa kada kadhaa hufanyika mikoani, na mtu hupangiwa kituo kwa mkoa alioujaza. Kijana aliyefungua akaunti akiwa Wete na hakuibadilisha, ataitwa Pemba ilhali yuko Manyara. Basi mpaka Dar es Salaam, boti mpaka Unguja, kisha safari nyengine mpaka Pemba, tena kwa nauli yake, kwani matangazo yanasema wazi kuwa msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi. Wengine hukosa usaili kwa sababu hiyo tu. Abadilishe leo hii.

Wazanzibari waelewe pia kuwa wana milango miwili. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi hutangazwa kupitia ZanAjira na Tume ya Utumishi Serikalini. Nafasi za taasisi za Muungano zina mgawo unaotajwa kila mara, asilimia 79 kwa Bara na 21 kwa Zanzibar. Kijana wa Pemba anayeishi Babati hajapoteza Uzanzibari wake kwa kuhama. Asome kila tangazo linasemaje.

Akiitwa kwenye usaili, wa kwanza huwa wa kuandika, wa mchujo, na ndio unaopunguza watu wengi. Kijana wetu hujiandaa kwa mahojiano, ananunua tai na kujizoeza kusema, kisha anaangushwa na karatasi ya saa moja kabla hajaonana na mtu. Ajiandae kwanza kwa kuandika: majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo ndiyo mada za mtihani. Sheria inayoiongoza taasisi ile aisome. Mtu anayeomba kazi ya hesabu halmashauri na hajui mapato ya ndani ya halmashauri hutoka wapi, anategemea nini?

Ama usaili wa ana kwa ana, tunayo mafunzo mawili katika Qur-aan ambayo hatuyasomeshi vya kutosha madrasani. Nabii Yuusuf ('alayhis-salaam) alipoomba asimamie hazina za Misri alijieleza kwa sifa mbili zinazohusiana na kazi yenyewe: kuhifadhi na kujua. Na binti wa yule mzee wa Madyan alipopendekeza Muusa ('alayhis-salaam) aajiriwe, alitaja nguvu na uaminifu. Hapana katika hayo majivuno wala unyonge. Vijana wetu wa visiwani tumewalea kwa haya, na haya ni katika imani, lakini anayeulizwa "unaweza nini?" akajibu "chochote mtakachonipa" hakuonyesha haya, amekosa kujibu swali. Aseme: naweza kufunga hesabu za mwezi, naweza kutumia programu fulani, niliwahi kukagua mali ya duka la mjomba nikagundua upungufu. Ikiwa ni kweli, aseme. Kuandika kwenye wasifu kazi usiyoifanya ni ushahidi wa uongo, hata kama "kila mtu anafanya".

Sasa laki sita.

Kwanza, maombi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira hayana malipo. Wengi wa wapiga simu hawa hawana nafasi ya kuuza. Wanatuma ujumbe kwa watu mia, anayepita kwa bahati yake wanadai wao ndio waliompitisha, na waliokosa wanaambiwa waongeze. Lakini tuseme ana nafasi kweli. Hapo ni rushwa bila shaka yoyote, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemlaani mtoaji wake na mpokeaji wake wote wawili. Wenye kutafuta mwanya husema wanachuoni wameruhusu kutoa mali ili kupata haki yako au kujikinga na dhulma. Ni kweli wapo walioruhusu hivyo, na dhambi wakaiweka kwa mpokeaji. Lakini nafasi ya kazi inayoshindaniwa na watu themanini bado si haki yako. Itakuwa haki yako utakapofaulu na kuchaguliwa. Kabla ya hapo, ukitoa pesa unainunua haki ya mwengine, huenda mtoto wa mjane kutoka Mbulu au Micheweni aliyefanya vizuri kukushinda. Wale waliotuachia msemo wa "penye udhia penyeza rupia" hawakutuachia dalili ya kisheria.

Je, kumtafuta mtu wa kukusemea? Hili ni jambo jengine. Kumwendea anayekujua akaueleza uwezo wako kwa kweli, bila malipo na bila kumwondoa anayestahiki zaidi, ni uombezi mwema na una ujira. Mpaka wake ni huo: akisemewa mtu ili asomwe, sawa; akisemewa ili asiyefaa apite, ni dhulma.

Na tumeulizwa siku nyengine juu ya aliyekwisha kutoa na sasa yumo kazini. Huyo atubie kwa dhati. Ikiwa ana sifa za kazi na anaitekeleza ipasavyo, baadhi ya wanachuoni wamesema mshahara ni malipo ya kazi anayoifanya, na dhambi ya rushwa inabaki kwenye shingo yake mpaka atubie. Ikiwa kazi haiwezi, kila mwezi anakula asichokistahiki.

Ama kiwanda cha pombe, jawabu ni hapana. Laana ya khamr haikuishia kwa mnywaji, imewafikia mpaka anayeikamua, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake, na karani wa stoo ndiye anayeipokea na kuitoa. Maneno ya "mpaka apate nyengine" hayambadilishii hukumu, kwa sababu dharura inayohalalisha haramu ni ya kuhofia nafsi, na kijana huyu ana kitanda na sahani nyumbani kwa mjomba wake. Mwenye familia ambaye tayari yumo humo na hana pengine, hali yake ni mbali na atuandikie mwenyewe. Kwa wanaouliza juu ya hoteli za watalii upande wa Tarangire: kazi zake si moja. Dereva au mtembeza wageni si sawa na muuzaji wa baa.

Tukishasema hapana mara mbili, ni wajibu wetu kuangalia kilichobaki, la sivyo tunamfungia kijana milango na kumwambia asubiri.

Babati ilikuwa njia panda tu mpaka mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na makao makuu yakawekwa hapo. Barabara ya Dodoma ilipokamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, mji ukachangamka zaidi: mabasi ya Arusha, Dodoma na Singida yanakutana pale. Waislamu hawakosekani, wakiwemo Warangi wengi waliotoka Kondoa, kwa hiyo kijana hayuko ugenini msikitini. Na uchumi wa mahala pale ni wa mazao, si wa maofisi. Mchele wa Magugu, mahindi, alizeti, na mbaazi.

Mbaazi nazitaja makusudi. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka mipaka ya kuingiza mbaazi na bei ikaanguka vibaya, wakulima wa Babati wakabaki na magunia. Anayeingia biashara hii ajue hilo. Lakini miaka ya karibuni serikali imeliingiza zao hili katika mfumo wa stakabadhi ghalani, na mauzo yanapitia vyama vya msingi vya ushirika. Vyama hivyo vinahitaji watu wa kuandika mizani, malipo na makato ya kila mkulima, na malalamiko ya wakulima mara nyingi huwa ni juu ya hesabu. Kijana mwenye shahada ya uhasibu anapita mbele ya ghala akienda kuangalia simu kama ameitwa Dodoma! Na pale stendi, wenye maduka kama mjomba wake wengi hawaandiki daftari. Kwa wafanyabiashara wadogo kodi ya TRA hupungua kwa anayeweka kumbukumbu ikilinganishwa na asiyeweka, kwa hiyo kuandika daftari la duka ni kazi yenye faida inayoonekana. Akianza na duka la mjomba, kisha jirani, akalipwa kidogo kidogo kwa mwezi kwa kila duka, ana kipato na ana cha kukieleza kwenye usaili.

Halmashauri za Bara nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Uzuri wake kwetu ni kwamba haina riba. Kikundi kinasajiliwa kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, na mkataba wausome kipengele kwa kipengele kabla ya kutia saini.

Wazazi hupenda kutaja kisa cha yule Answaari aliyekuja kuomba, akaelekezwa kukata kuni. Wapo waliosema juu ya isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi ya kamba na kuni iliyomo katika al-Bukhaariy. Tunakitaja kwa vijana ili kuwaambia "nenda kafanye kazi". Tumekisoma nusu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliinadi nguo na chombo cha yule mtu, akapata dirhamu mbili, moja ikanunua chakula cha watu wake, ya pili ikanunua shoka, akalitia mpini kwa mkono wake, na akampa muda wa siku kumi na tano. Hapo kuna mtaji, chakula cha kuvukia, kifaa na muda maalumu. Ni wazazi wangapi tumempa kijana vitu hivyo vinne?

Kwa hiyo baba, laki sita usizitume kwa yule mtu. Ikiwa unazo kweli, na hukuzikopa, sehemu yake iende kwenye hati ya jina na nakala za vyeti, sehemu kwenye mtihani wa NBAA, na iliyobaki iwe ya kuanzia kazi ya madaftari, pamoja na muda mtakaokubaliana wa kuangalia tena. Namba ya mpiga simu na ujumbe wake kijana asivifute. Avipeleke TAKUKURU, ambao wana ofisi mkoani na simu yao 113 haina malipo.

Ama kurudi Pemba msimu wa karafuu, mwacheni aamue mwenyewe, na akirudi asisahau kubadilisha mkoa kwenye akaunti yake.

Wa-Allaahu A'lam.